Usisome Siasa Bila Kumsoma Mtu: Hotuba kwa Vijana wa Lubumbashi Wanaoingia Chuo Kikuu

(Hotuba hii niliitoa katika ukumbi wa parokia, komini ya Katuba, mbele ya vijana waliofaulu egzeta, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, na wazazi wao. Wengi ambao hawakuweza kufika wameomba maandishi, kwa hiyo naiweka yote kama ilivyosemwa. Picha za ukutani tu ndizo nimeziacha.)

Wababa, wamama, vijana wetu, jambo sana!

Kwanza pongezi. Mmehangaika na egzeta mkaishinda, na wazazi wenu wamehangaika na minervali, yaani karo, tangu shule ya msingi. Leo diploma ya Serikali iko mkononi, na kila nyumba ina swali moja: mtoto asome nini?

Najua majibu yanayotangulia katika mji huu. Politekniki, kwa sababu ya migodi. Udaktari. Sheria. Kijana akisema anataka sayansi ya siasa, anaulizwa kama anataka kuwa mwongo. Akisema saikolojia, anaulizwa kama anataka kushinda na wenye wazimu. Na akisema zote mbili zinamvuta? Hapo kikao cha familia kinaitishwa.

Mimi ni mtu wa saikolojia. Nimeifundisha kwa miaka mingi, na marafiki zangu wa karibu kazini ni walimu wa siasa. Nimekuja kuwaambia jambo moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: elimu hizi mbili zinahitajiana, na kijana wa Lubumbashi ana sababu ya kuzisoma pamoja kuliko kijana wa mahali pengine pengi duniani.

Zimetengana lini? Nitawaambia lini. Baada ya maandamano ya wanafunzi ya 1969 na ya 1971, utawala wa Rais Mobutu uliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi, kile cha Kinshasa, kile cha Kisangani na hiki chetu kilichoanza mwaka 1955, vikawa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Kisha fakultati, yaani vitivo, zikagawanywa. Sayansi za jamii na za siasa zikawekwa Lubumbashi. Saikolojia na elimu ya malezi zikawekwa Kisangani. Jamani, mnaelewa maana yake? Aliyetaka kujua nchi inatawaliwa vipi alikuja huku kusini. Aliyetaka kujua mtu anafikiri vipi, anaogopa vipi, anakumbuka vipi, alikwenda kaskazini, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Hao wawili wangekutana wapi wabishane?

Mwaka 1981 kampasi zile tatu zilirudishiwa uhuru wao, na leo UNILU, Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi, ina fakultati zote mbili. Lakini mazoea hayafi kwa amri. Hadi leo wanafunzi wa siasa na wanafunzi wa saikolojia wanapanda basi moja, wanakopeshana nauli, na hakuna anayemwuliza mwenzake: wewe juma hili umesoma nini?

Basi leo nitawauliza mimi.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka MPR, chama cha Mobutu. Kilianzishwa mwaka 1967, na baadaye, nchi ilipoitwa Zaire, ikawekwa kwamba kila Mzaire ni mwanachama. Hukuomba kadi, kuzaliwa kulitosha. Wafanyakazi na wanafunzi walitolewa kazini na darasani wakacheze na kuimba sifa za Kiongozi. Mwulize mwanafunzi wa siasa: iliwezekanaje? Atakujibu vizuri. Chama na dola vilikuwa kitu kimoja, cheo kilitoka juu, mshahara ulitoka juu, na watu wa usalama walikuwa kila mahali. Ni kweli yote. Lakini mimi nina swali linalobaki. Yule karani aliyekaa na wenzake watano tu, mlango umefungwa, hakuna askari, mbona naye alisifu?

Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Solomon Asch alichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wetu hulisoma mwaka wa kwanza. Anakuonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, anauliza upi kati ya hiyo mitatu unalingana na ule wa kwanza. Swali ambalo mtoto wa miaka sita analijibu. Lakini umekaa na kundi la watu, na wale wengine wote wamepangwa kabla wajibu vibaya kwa sauti moja. Wanajibu wao kwanza, kisha zamu yako inafika. Utasema unachokiona, au utasema wanachosema? Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata kosa la kundi angalau mara moja. Hakuna bunduki. Hakuna mshahara uliokatwa. Aibu ya kuwa peke yako tu.

Na sasa sikieni sehemu ninayoipenda. Asch alipomweka mtu mmoja, mmoja tu, aliyejibu sawasawa kabla yako, watu waliofuata kundi walipungua sana. Mmoja! Hakuhitaji kuwa na cheo wala kushawishi. Alihitaji kusema tu.

Je, sasa tumeielewa MPR? Bado. Na hapa ndipo ninapowageukia wenzangu wa saikolojia. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Ndimi zikafunguka nchi nzima. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei mwaka huo huo, wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi yetu hapa Lubumbashi, wakauawa vijana wa umri wenu. Wazee mnakumbuka. Katika chumba cha Asch aliyesema kweli alirudi nyumbani. Katika kampasi yetu hawakurudi wote. Mwanasaikolojia asiyejua nani ana silaha, nani anatoa amri na nani atamshtaki aliyetoa amri, atamwambia kijana "sema unachoona" kisha atamsindikiza makaburini. Kwa hiyo nasema tena: zinahitajiana.

Naomba sasa ukumbi utulie, maana kisa kinachofuata kina watu humu ndani.

Kampuni ya migodi ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na kwa miongo mingi ilichukua wafanyakazi kutoka mbali. Wengi walitoka mkoa wa Kasai. Walikuja, wakafanya kazi, wakazaa, na watoto wao wakazaa. Wajukuu hawakujua kwao kwingine isipokuwa Likasi, Kolwezi au mitaa hii. Walikula bukari (ugali) hii hii, wakaongea Kiswahili hiki hiki, wakazika wafu wao hapa. Mwezi wa Agosti 1992, kule Kinshasa, Mkutano Mkuu wa Kitaifa, ule wa kuitoa nchi katika chama kimoja, ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu. Aliyekipoteza kiti ni Nguz Karl-i-Bond, mtu wa mkoa wetu huu wa Katanga. Kiti kimoja, ndugu zangu! Kilomita nyingi kutoka hapa! Na huku kwetu jirani akamgeukia jirani. Watu wa Kasai wakaitwa wadudu. Wakafukuzwa nyumbani na kazini. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi, na mwaka uliofuata Kolwezi, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Watoto na wazee walikufa wakingoja, wengine wakafia ndani ya mabehewa.

Nani atatueleza jambo hili?

Mwanafunzi wa siasa aanze. Atasema: tazameni kwanza mgodi. Gécamines, iliyorithi Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Mashine zimechakaa, fedha zimeliwa, uzalishaji ukaporomoka, na mwaka 1994 haukufika hata tani 50,000. Kazi zinapotea, na kila anayebaki na kazi anatazamwa kwa jicho baya. Kisha atasema: tazameni wanasiasa waliohitaji wafuasi haraka, na utawala wa Kinshasa ambao ulipata nafuu wapinzani wake walipogombana kwa kabila. Tena atawakumbusha kwamba Crawford Young, Mmarekani aliyekuwa dekano, yaani mkuu wa fakultati, wa sayansi za jamii hapa hapa Lubumbashi kuanzia 1973 hadi 1975, alikuwa ameandika mapema kwamba kabila si jiwe lililowekwa tangu zamani. Siasa na mji huliongezea makali au huliacha lilale. Walulua na Waluba wa Kasai walikuwa wakisikilizana lugha, na bado mwaka 1959 walimwagana damu.

Majibu mazuri. Mimi nayakubali yote. Lakini yananiacha na yule baba wa mtaa wa pili. Hakuwa na kiti cha kugombea. Kazi ya jirani yake hakuipata. Wengine walisaidia kufukuza na hawakupata hata kiti cha mbao. Kwa nini?

Hapo namleta mwanasaikolojia Henri Tajfel. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Poland, aliyekamatwa na Wajerumani akiwa askari wa Ufaransa. Aliponea katika kambi ya mateka. Aliporudi, karibu jamaa zake wote walikuwa wameuawa. Mtu aliyepitia hayo akatumia maisha yake kuuliza swali dogo sana: ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kuwafanya watu wagawanyike "sisi" na "wao"? Mapema katika miaka ya 1970 alichapisha majaribio aliyofanya na wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza. Aliwaambia wamegawanywa kwa kupenda picha za mchoraji huyu au yule. Kwa kweli waligawanywa kwa bahati nasibu. Hawakuonana na wenzao wa kundi, hawakujua majina, na yeye mwenyewe mgawaji hakupata senti kutokana na mgawo wake. Kazi ilikuwa kugawa fedha kidogo kwa watu wawili wasiojulikana. Wakapendelea kundi lao. Na kuna zaidi. Mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu, ilimradi lile jingine lipate pungufu zaidi.

Rudieni kusikiliza. Walikubali wao wapate pungufu, mradi wale wengine wapungukiwe zaidi. Sasa mnamwona yule baba wa mtaa wa pili?

Kuna wanaosema tusifukue mambo haya. Mimi sikubaliani nao, na nasema hivyo kwa heshima. Mjukuu wa aliyefukuzwa na mjukuu wa aliyefukuza wako pamoja katika ukumbi huu, wamefaulu egzeta moja. Kila uchaguzi, na wa mwisho ulikuwa tarehe 20 Desemba 2023, maneno ya "mwenyeji" na "mgeni" hutoka tena kabatini. Nani atawafundisha vijana hawa kuyatambua yakiwa bado madogo, kama si wale waliosoma yalivyokua?

Na dawa ipo? Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki, mwaka 1954 aliwapeleka wavulana 22 katika kambi huko Oklahoma, akawagawa makundi mawili, akawashindanisha mpaka wakachomeana bendera. Kisha akajaribu kuwapatanisha. Kuwakalisha pamoja wale chakula na watazame filamu hakukusaidia, waliendelea kutukanana. Kilichosaidia ni matatizo ambayo kundi moja pekee lisingeyamaliza, mathalani maji ya kambi yalipokatika wakalazimika wote kutafuta chanzo. Watu wa Katuba, maji yakikatika mnajua wenyewe.

Sasa nanyi vijana msikimbilie kuyameza haya yote. Nani walikuwa katika majaribio haya? Wavulana wa Bristol. Wavulana wa Oklahoma. Wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliandika kwamba saikolojia imejenga mengi ya inayoyasema juu ya binadamu kwa kuwapima watu wa nchi tajiri za Magharibi, ambao ni sehemu ndogo tu ya dunia na mara nyingi hawafanani na wengine. Sisi wenyewe tulipimwa zamani, ndiyo, wakati wa ukoloni kampuni za hapa zilitumia vipimo vya akili kuchagua wafanyakazi. Tulipimwa ili tuchaguliwe. Swali la kupimia halikuwa letu. Je, mama wa soko la Kenya, komini ya hapa mjini, anayefanya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, na wanawake wa makabila matano, anagawa "sisi" na "wao" kama wale wavulana? Hakuna profesa wa Bristol atakayekuja kumwuliza. Utamwuliza wewe, kwa Kiswahili chake, ukae naye kibarazani, na umwache akatae kujibu akitaka.

Hapo naifikia hesabu, na naona nyuso zinabadilika. Wengi huja kwenye saikolojia na siasa wakikimbia hesabu. Hamtaikwepa. Takwimu iko katika elimu zote mbili, na mimi naiona kuwa ndiyo lugha zinayozungumziana. Bila hiyo utadanganywa na kila bango la kampeni.

Mfano mmoja. Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwaeleza watu habari ya ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Kundi moja likaambiwa: mpango wa kwanza utaokoa watu 200 kwa hakika, mpango wa pili ni bahati, huenda ukaokoa wote, huenda usiokoe hata mmoja. Asilimia 72 wakachagua ule wa hakika. Kundi jingine likaambiwa mipango ile ile, ila wa kwanza ukaelezwa hivi: watu 400 watakufa. Safari hii waliouchagua walikuwa asilimia 22. Kuokoa 200 kati ya 600, na 400 kufa, kuna tofauti gani? Hesabu ni moja. Kilichobadilika ni maneno yaliyotumika. Kahneman, mwanasaikolojia, alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2002 kwa kazi za namna hii. Kesho ukimsikia mgombea anasema "nimejenga shule kumi", utajifunza kuuliza: kati ya ngapi ulizoahidi?

Wababa na wamama, nafika kwenu. Najua mnangoja neno moja: kazi. Sitawadanganya. Kazi ya Serikali inachelewa na mshahara wake unachelewa zaidi. Lakini tazameni mji huu na migodi yake. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni ikubaliane na jamii zinazouzunguka mgodi hati ya majukumu: kisima, zahanati, barabara, shule. Tena inadai asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo iende kwenye maendeleo ya jamii hizo, na fedha hizo zisimamiwe na chombo ambamo jamii yenyewe ina wawakilishi. Sasa niambieni, siku ya kikao nani anakaa mezani? Injinia anajua mwamba. Mwanasheria anajua kifungu. Nani anajua kwamba chifu anayetikisa kichwa hajakubali? Kwamba wanawake waliokaa nyuma hawatasema neno mbele ya wakwe zao, na ndio wachota maji? Kwamba kijiji cha ng'ambo ya mto hakikualikwa na kitafunga barabara mwezi ujao? Nani anajua kusoma hati ile akaona nani amepewa uwezo wa kuamua na nani amepewa sahihi tu?

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alikwenda kufanya staji, mazoezi ya kazi, katika kikao cha namna hiyo. Waliompokea walimpa kazi ya kuandika mahudhurio. Aliandika mahudhurio, na pembeni akaandika nani alizungumza, kwa dakika ngapi, na nani alikatizwa. Karatasi ile ndiyo ikawa mwanzo wa memwari yake, andiko lake la kuhitimu, na wazee wa kijiji waliomba nakala.

Kazi nyingine nizitaje haraka: idara za wafanyakazi katika kampuni, mashirika ya misaada, redio, tume ya uchaguzi, ushauri wa wanafunzi mashuleni, utafiti. Anayetaka kutibu wagonjwa wa akili ajue mapema kwamba ni njia ndefu na ya heshima, na itamdai zaidi ya lisansi, yaani digrii ya kwanza.

Mwisho, namna ya kufanya. Katika mfumo wetu wa sasa lisansi ni miaka mitatu, krediti 180, na utaandikishwa katika fakultati moja. Wenzenu wa Marekani huweza kuchukua diploma moja yenye masomo makuu mawili. Hapa utalazimika kujitengenezea. Ukiwashwa zaidi na swali la nani anatawala na kwa sheria ipi, jiandikishe siasa. Ukiwashwa na swali la kwa nini mtu anatii, anachukia, anasamehe, jiandikishe saikolojia. Kisha mwendee profesa wa upande wa pili kwa adabu, mwombe ukae nyuma katika auditwari (ukumbi wa masomo) yake usikilize; wengi wanafurahi. Tafuta mwenzako mmoja wa fakultati ile msome pamoja, ubadilishane naye silabasi. Soma Kiingereza pole pole tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu mengi yaliyoandikwa juu ya mambo haya hayajafika kwa Kifaransa. Na chagua memwari ambayo itakulazimisha kuvuka: usiandike tena juu ya "jukumu la vyama vya siasa" kwa kunakili memwari ya yaya wako, yaani kaka au dada yako mkubwa. Nenda komini ya Ruashi ukawaulize wapiga kura waliobadilisha chama ni kitu gani kiliwabadilisha.

Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, nitakuwa hapa na walimu wawili wa siasa. Tutaanza saa tatu. Leteni diploma zenu, leteni maswali, na mwenye babu au bibi aliyeishi mwaka 1992 katika Likasi, Kolwezi au mji huu, amwombe aje naye kama anataka. Yule mama aliyeuliza mlangoni kuhusu minervali kulipwa kwa awamu, tutamjibu wa kwanza.

Aksanti sana.